Sijalewa, Nimelala

Harlan Oftedahl,
Nyumba ya kona, Mtaa wa Alder,
Kettle Bluff, Wisconsin.
Jumamosi asubuhi, mwezi wa kumi.

Kwa Dkt. Rosalind Pfeiffer,
Mlezi wa Wanafunzi,
Chuo cha Brandvold.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUOKOLEWA MARA KWA MARA BILA RIDHAA YANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote natumaini u mzima, chuo ki salama, na timu ya mpira inaendelea kufungwa kwa heshima kama ilivyo desturi yake. Mimi pia ni mzima. Neno hilo nalikazia, kwa sababu ndilo linalobishaniwa.

Nilikuwa mwalimu wa matarumbeta katika sekondari ya mji huu hadi nilipostaafu. Nusu ya madaktari wa meno wa wilaya hii niliwafundisha mimi kupuliza. Ni Mlutheri, mjane, na sijapata kuonja bia, jambo ambalo hapa Wisconsin humfanya mtu atazamwe kama mgeni wa forodhani. Pombe pekee iliyowahi kupita midomoni mwangu ni ile ya meza ya Bwana, nayo, kama utakavyosoma hapo chini, nimenyang'anywa.

Naandika kuhusu sheria yenu mpya mnayoiita Sera ya Msamaha. Nimeisoma vizuri, maana mmeibandika kwenye nguzo ya taa mbele ya mlango wangu. Inasema mwanafunzi akimwona mwenzake amezidiwa na pombe, aite msaada na akae naye, wala hataadhibiwa aliyeita wala aliyeitiwa, hata kama wote wawili wamelewa na hawajafikisha umri wa kunywa. Chini yake mmeandika kwa herufi nyekundu: UKIONA KALALA, USIMPITE.

Kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba mimi hulala.

Kila Jumamosi mchana hulala barazani kwangu, kwenye kiti cha kubembea, blanketi magotini na kofia usoni. Baraza langu liko katikati ya uwanja wenu wa mpira na nyumba wanazopanga wanafunzi. Zamani walipita wakiimba na kuangushana, nami nikalala, na hakuna aliyemdai mwenzake kitu. Pua yangu ni nyekundu. Ni ya kurithi. Baba yangu alikuwa nayo na alikuwa mzee wa kanisa. Tena nikikoroma huwa nakatiza katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha naendelea.

Jumamosi ya kwanza ya msimu huu, nikiwa katika hali hiyo, nilihisi sikio langu linafinywa. Nikafumbua macho. Uso wa msichana, uliopakwa rangi za timu yenu, nusu zambarau nusu nyeupe, ulikuwa karibu na wangu kiasi kwamba nilidhani nimekufa na huko mbinguni wanaishangilia Brandvold.

"Babu! Babu, unanisikia? Unaitwa nani?"

"Harlan."

"Leo siku gani, babu Harlan?"

Sasa, Daktari, mtu aliyeamshwa kwa kufinywa sikio hana kalenda kichwani. Nikasema Jumanne.

"Tucker!" akapaza sauti. "Njoo huku, babu wa watu kazidiwa!"

2. Kwamba nililazwa ubavu.

Huyo Tucker Dombrowski ni mwanafunzi wenu wa kemia, ana umbo la kabati la nguo. Aliniinua kitini kwa upole ambao, nikisema kweli, sijatendewa tangu mke wangu afariki, akanilaza kwenye mbao za baraza kwa ubavu wa kushoto. Yule msichana, Brynn Zastrow, akanivalisha begi la mgongoni lililojaa vitabu vya kemia.

"La nini hili?" nikauliza.

"Usije ukajigeuza chali ukapaliwa, babu. Tulia tu. Tupo nawe."

Nikawaambia sijanywa kitu. Tucker akaketi kando yangu na kunipigapiga bega. "Wote tunasema hivyo, mzee. Hata mimi nimesema hivyo asubuhi, na nitazame."

Nikamtazama. Alikuwa amevaa kiatu kimoja cha mvua na kimoja cha kuogea.

"Lakini usihofu," akasema, "hakuna kesi. Siku hizi kuna msamaha."

Naomba utafakari uchungu wa neno hilo. Mtu akishtakiwa hujitetea, huleta mashahidi, hukata rufaa. Mtu akisamehewa akajitetee wapi? Nimesamehewa kosa nisilolitenda, mbele ya majirani, nikiwa nimebeba kemia ya mwaka wa pili mgongoni.

3. Kwamba niliandamanishwa.

Mara iliyofuata nilikuwa nimelala fofofo, na majibu yangu hayakumridhisha Brynn. Nadhani nilimwita kwa jina la marehemu mke wangu. Akaita gari la wagonjwa. Ilikuwa siku ile wahitimu wa zamani wanarudi chuoni, mtaa mkuu umefungwa kwa maandamano, na njia pekee ya kwenda hospitali ilikuwa kuingia ndani ya maandamano yenyewe. Hivyo nilipitishwa katikati ya mji nikiwa juu ya machela, milango ya nyuma imeachwa wazi ili nipate hewa, nyuma ya gari la meya na mbele ya yule bata bukini mkubwa wa makaratasi, nembo ya timu yenu. Watu walinipungia mikono. Nami nikapunga, nikidhani wataona kwamba niko sawa. Lilikuwa kosa. Hakuna mlevi asiyepunga mkono.

Hospitalini nilifurahi, nikajua sasa ukweli utasimama. Muuguzi akanipa kile kifaa cha kupima pumzi. "Puliza, Bwana Oftedahl, mpaka nikuambie basi." Daktari, mimi nimepuliza tarumbeta maisha yangu yote. Nilipuliza. Kifaa kikalia, kikatetemeka, kikazimika. Akaleta cha pili, nacho kikafuata cha kwanza. Kwenye cheti akaandika: "Hakuweza kupimwa."

Maneno hayo mawili, Daktari, yamezunguka mji huu kuliko injili.

4. Kwamba nimetengwa na kikombe.

Mchungaji Gudrun Solheim alikuja kwangu na wazee wawili wa kanisa na mseto wa viazi na nyama ya kusaga ndani ya bakuli la kuokea. Huku kwetu mseto huo hupelekwa kwa watu wa namna mbili tu, waliofiwa na walioharibikiwa. Mimi sikuwa nimefiwa.

"Harlan," akasema, "Bwana hamchoki mtu."

"Mchungaji, nilikuwa nimelala."

"Usingizi nao una chanzo chake," akasema, na wazee wakatazama sakafu.

Jumapili iliyofuata, kila mtu alipopewa divai, mimi nilipewa juisi ya zabibu, tena katika kikombe cha plastiki chenye picha ya kondoo, kile cha watoto wa shule ya Jumapili. Na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kundi letu la matarumbeta ya Krismasi, ambalo nililianzisha mimi na kuliongoza mimi, linafikiriwa kukabidhiwa Gerald Vogt, "mpaka utakapokuwa na nguvu." Gerald Vogt hupuliza tuba kama ng'ombe aliyekwama zizini. Nikifikiria mkesha wa Krismasi mikononi mwa Gerald, hapo ndipo nakaribia kweli kutamani kinywaji.

5. Kwamba dada yangu amekuja.

Dada yangu Verna anaishi La Crosse. Mtu alimpigia simu. Alifika na sanduku la nguo na uso wa mazishi, na kabla hajavua koti alifungua kabati zangu zote. Alimwaga dawa yangu ya kikohozi. Alimwaga vanila ya keki. Alimwaga siki ya kusafishia madirisha, akanusa chupa ya maji ya kunyolea ndevu, akanitazama, akaimwaga nayo.

"Verna, hayo ni ya kujipaka!"

"Mkaidi hakosi njia," akasema. "Kaka yetu Einar naye alianza kwa kulala barazani."

"Einar alikuwa anachoka! Alikuwa anakamua ng'ombe!"

"Ndivyo alivyokuwa anatuambia."

Verna hajawahi kugusa pombe. Hali hata keki yenye matunda yaliyolowekwa. Sasa analala chumba cha wageni, ananipikia uji wa shayiri, na kila nikitoka bafuni ananinusa kama mbwa wa forodha. Nampenda dada yangu. Nampenda zaidi akiwa La Crosse.

6. Kwamba nilijaribu kujieleza kwa maandishi.

Nilitengeneza kibao cha mbao, nikakipaka rangi, nikakitundika juu ya kiti: SIJALEWA. NIMELALA. Niliona hakuna binadamu anayeweza kukosa kuelewa.

Nikiwa nimelala chini ya kibao hicho, nusu macho, nilisikia vijana wamesimama ngazini.

"Kaandika mwenyewe?"

"Herufi zimepinda."

"Oyaa, mtu ambaye hajalewa anaandika hivyo kwa nini? Wewe ulishawahi kuandika kwenye mlango wako 'sijaiba'?"

Wakatafakari. Kisha sikio langu likafinywa.

Juma lililofuata maneno hayo yalikuwa kwenye fulana. Nimeyaona kwenye kifua cha mtunza bustani wenu. Nimeyaona kwenye fulana ya mbwa.

7. Kwamba baraza langu limegeuzwa wodi.

Sijui nani alianzisha habari kwamba kwa mzee Harlan ni salama. Najua tu kwamba Jumamosi moja niliamka mwenyewe, bila kufinywa, nikafurahi, nikanyoosha miguu, na miguu ikakanyaga mtu. Baraza lilikuwa limejaa. Walikuwa wamelazwa ubavu wote, wamepangwa kama magunia ya viazi stoo, kila mmoja na begi lake mgongoni, na Brynn akipita katikati yao na ndoo na chupa za maji, akiwauliza majina. Tucker alikuwa mlangoni anaongoza wanaoingia. "Taratibu, mwanangu, kanyaga pale. Huyo ni mwenye nyumba, mwache alale."

Verna alitoka jikoni, akaona, akapiga yowe. Kisha, kwa kuwa ni Verna, akaleta mablanketi.

Askari aliyepita alinivulia kofia. "Mungu akubariki, Bwana Oftedahl. Mji ungekuwa na watu kama wewe." Na siku chache baadaye nikapokea barua yenye sahihi yako mwenyewe, Daktari, ikinishukuru kwa kujitolea na kunitangaza kuwa Rafiki wa Sera. Sikujitolea. Nilikuwa nimelala. Inaonekana katika chuo chenu hayo mawili ni jambo moja.

8. Kwamba nimesomeshwa.

Kwa kuwa nyumba yangu sasa inahesabika kuwa mahali panapopatikana watu waliosamehewa, ofisi yako iliniita kwenye darasa la pombe ambalo waliosamehewa wote huhudhuria. Nilikwenda ili nieleze kosa hilo. Tulikaa kwa duara. Tucker alinishikia kiti kando yake. Mwalimu, kijana mwenye sauti laini kama sufu, akasema, "Leo tuna bahati, tuna mtu mzima kati yetu. Mzee Harlan, waambie vijana hawa, uliwezaje kuacha?"

"Sikuacha," nikasema. "Sikuanza."

Kisha msichana mmoja akaanza kulia. Kisha wote wakapiga makofi. Mwalimu akajifuta jicho, akasema kukana ni mlango wa kwanza na mzee wetu amesimama kizingitini. Nikapewa cheti. Verna amekiweka kwenye friji, chini ya sumaku yenye umbo la jibini.

Daktari, haya yote yana mzizi mmoja, nao ni huruma. Kwa hiyo nina maombi, na nimeyapima.

Naomba kwanza sera hii ifutwe na adhabu irudishwe, adhabu safi ya zamani, ya kufukuzwa chuo na wazazi kuitwa. Enzi zetu mwanafunzi aliyelewa aliogopwa na wenzake kama ugonjwa. Hakuna aliyeita mtu, maana kuita ilikuwa kujishtaki. Walimfunika koti, wakazima taa, wakanyata. Kila mtu alilala pale alipoangukia, na mji ulikuwa kimya. Nakubali kwamba baadhi yao hawakuamka. Nakubali kwamba mbele ya maktaba yenu kuna benchi la jiwe lenye jina la mmoja wao, na kwamba nimewahi kulikalia nikila mkate wangu. Lakini ningeomba tusichanganye mambo. Hapa tunazungumzia usingizi wangu.

Ikiwa kufuta hakuwezekani, basi huruma iwekewe mipaka: isivuke Mtaa wa Alder siku za Jumamosi. Mwanafunzi atakayetaka kumsaidia mtu aombe kwanza ridhaa ya maandishi ya huyo mtu, akiwa macho, mbele ya shahidi. Ikiwa hata hilo ni gumu, uwanja wa mpira uhamishwe. Ikiwa uwanja hauhamishiki, uhamishwe mji, nami nitabaki.

Namaliza kwa kuwasalimu wote wa ofisini kwako, hasa katibu wako, ambaye kwenye simu hunisemesha polepole na kwa sauti kubwa. Nisalimie mwalimu wa sauti laini. Nisalimie kocha, mwambie asikate tamaa. Wasalimie hata Brynn na Tucker, lakini kwa mbali.

Niliye macho wakati wa kutia sahihi,

Harlan Oftedahl
Mwalimu Mstaafu wa Matarumbeta

P.S. Jumapili, hospitalini. Barua hii niliitia sahihi jana kabla ya chakula cha mchana, na mimi si mtu wa kuchana nilichokwisha kutia sahihi. Naongeza tu chini.

Baada ya kuifunga niliiweka mfukoni, nikaenda kulala barazani. Sijui nililala muda gani. Sikio likafinywa.

"Nimelala!" nikafoka. "Brynn, mwanangu, nimelala tu! Leo ni Jumamosi, jina langu nalijua, na lako nalijua!"

"Najua, babu," akasema. Safari hii hakuwa na rangi usoni, wala hakuwa akicheka. "Lakini nimechungulia dirishani. Bibi wa ndani naye amelala?"

Verna alikuwa kwenye sakafu ya jikoni, kijiko bado mkononi.

Wanafunzi walikuwa wameacha trei mbili barazani asubuhi, shukrani zao kwetu: jeli ya rangi nyingi, imegandishwa ndani ya vikombe vidogo vidogo, inapendeza macho. Hapa kwetu, Daktari, jeli ni chakula cha kanisani. Hakuna mazishi wala ubatizo bila jeli. Verna angejuaje kwamba vijana huigandisha kwa vodka? Amelelewa katika nyumba ambamo chakula hakitupwi. Alisimama pale mezani akala trei nzima, kikombe baada ya kikombe, ili isiharibike. Nilipokuwa natoka kwenda kulala aliniambia tu kwamba ndimu imezidi.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Anavuta pumzi, halafu hakuna kitu, halafu hakuna kitu, halafu anavuta nyingine. Mimi niliyewafundisha watoto wa mji mzima kupumua sikujua la kufanya na pumzi za dada yangu. Niliishika simu nikizitazama namba zake kama maandishi ya Kichina. Brynn akaichukua mkononi mwangu. Tucker alikwisha piga magoti, amemgeuza Verna ubavu, amemshikilia kichwa kwa mikono ile yake ya kabati, anamwambia, "Bibi, usituache. Bibi, hebu nifinye kidole. Ee, hivyo hivyo. Mkali, bibi, mkali!"

Yule askari alifika na gari la wagonjwa. Tucker alikuwa ananuka bia hata mimi nilisikia, na umri wa kunywa bado hajaufikia. Askari akamuuliza, "Wewe umekunywa?"

"Nimekunywa, afande," akasema, bila kuachia kile kichwa. "Lakini huyu kwanza."

Hakukimbia. Nilikuwa nimeegemea friji, na barua hii ilikuwa mfukoni mwangu. Kwa utaratibu ninaoupendekeza hapo juu kijana yule angekuwa amekwisha ruka uzio wa pili, na Brynn asingechungulia dirisha la mtu, na mimi ningekuwa nimelala barazani, nimefunikwa vizuri, sina anayenisumbua, hadi jioni ambapo ningehisi njaa na kumwita dada yangu.

Daktari wa zamu alisema tuliwahi. Hakusema zaidi, na sikumuuliza.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote, namba moja hadi namba nane, yasomwe kama pongezi. Yale maombi ya mwisho yasisomwe kabisa. Badala yake nina ombi moja dogo: pale kwenye sera penye neno "mwanafunzi", wekeni "mtu". Verna ana miaka sabini na tisa na hajasajiliwa.

Mchungaji Solheim alikuja jana jioni na bakuli lake. Alipoona ni nani aliye kitandani, alishusha pumzi ndefu. "Kumbe ni Verna," akasema, na papo hapo akanirudishia matarumbeta ya Krismasi. Nikamwambia jamani, ilikuwa jeli tu. Akanishika mkono. "Wote husema hivyo, Harlan."

P.S. ya pili. Verna ameamka. Amenitambua, ameitaja siku, amemkosoa muuguzi jinsi alivyotandika kitanda. Nililia kidogo, na Brynn, ambaye amekaa hapa tangu jana, akanipa leso. Kisha Verna akauliza, "Harlan, ile trei nyingine wameipenda?"

"Trei ipi?"

"Ile niliyoipeleka kanisani jana asubuhi, kabla sijala. Niliiacha kwenye friji ya ukumbini, kwa ajili ya kikao cha akina mama."

Kikao cha akina mama huanza mara tu ibada ikiisha, na ibada ilikuwa imekwisha isha. Brynn hakusubiri lifti. Tucker naye alikuwa amekuja na maua. Ameyaacha kwenye sinki, na sasa namwona kwa dirisha hili akivuka barabara kwa mbio, kandambili mkononi. Kanisa liko ng'ambo tu, na madirisha ya ukumbi yako wazi. Mke wa Gerald Vogt amesimama juu ya kiti. Wengine wameshikana viuno. Hakuna aliyelala bado, Mungu asifiwe, na Brynn ameingia mlangoni na chupa za maji.

Wanaimba, Daktari. Wimbo huo wa mkesha wa Krismasi nimewafundisha, tarumbeta mkononi, kwa miaka na miaka, na leo, kwa mara ya kwanza, sauti ya pili wameipata.